Zinki: Madini ya Bati na ya Mwili wa Mtoto

Watu wengi wa Newala na Masasi wanaijua zinki kwa njia mbili zisizokutana. Fundi wa paa anaijua kwa sababu ndiyo inayong'aa juu ya bati jipya. Mama mwenye mtoto mdogo anaijua kwa sababu ndilo jina lililoandikwa kwenye vidonge alivyopewa zahanati mtoto alipoharisha. Siku mtu akiyaweka majina hayo mawili pamoja, swali linakuja lenyewe: inakuwaje mtoto amezeshwe kitu kinachopakwa kwenye bati? Ni swali la haki, na jibu lake linafaa kila nyumba, iwe Mkunya, iwe Mtandi. Nitalijibu taratibu pamoja na mengine yanayoambatana nalo: bati gani ununue, maji ya paa yananyweka au hayanyweki, uraka, ile pombe ya mabibo, usiuweke kwenye chombo gani, na vidonge vile anapewaje mtoto.

Tuanze na zinki yenyewe. Ni metali, yaani kitu cha jamii moja na chuma, shaba na risasi: kinang'aa, kinapitisha umeme, kinaweza kuyeyushwa na kumiminwa. Rangi yake ni nyeupe inayoelekea buluu. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 420 hivi, wakati chuma kinahitaji zaidi ya nyuzi 1,500, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuwa rahisi kuipaka juu ya chuma. Ardhini haipatikani ikiwa peke yake. Mara nyingi hutoka imeshikana na salfa ndani ya mwamba, na kiwandani ndiko wanakozitenganisha. Kwa majirani zetu wa Kongo, mji wa Kipushi ulio karibu na Lubumbashi una mgodi wenye zinki nyingi ajabu. Ulifunguliwa mwaka 1924, ukafungwa 1993, na mwaka 2024 ukaanza tena kutoa mzigo.

Je, zinki ya bati na ya kidonge ni moja? Ndiyo, ni moja, ila umbo na kiasi ni tofauti. Kwenye bati imekaa kama metali kavu. Kwenye kidonge imeunganishwa na vitu vingine hadi ikawa chumvi inayoyeyuka majini, na kiasi chake ni miligramu 20, yaani sehemu moja ya 50 ya gramu. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu anameza chuma, kile kile kinachotengenezea jembe, naye hashangai. Zinki ni hivyo hivyo. Mwili unaihitaji kidogo, lakini unaihitaji kila siku.

Bati linalindwaje?

Karibu nusu ya zinki yote inayotumika duniani huishia juu ya chuma, ikikizuia kisishike kutu. Kile tunachokiita bati, kwa kweli, ni karatasi ya chuma iliyopitishwa ndani ya zinki iliyoyeyuka yenye joto la nyuzi 450 hivi. Utaratibu huu ulisajiliwa Ufaransa mwaka 1837 na mhandisi Stanislas Sorel.

Zinki hufanya kazi mbili pale juu. Ya kwanza ni kukifunika chuma, hewa na maji visikiguse. Ya pili ndiyo ya maana zaidi: hata bati likikwaruzwa, zinki iliyo pembeni ya mkwaruzo hukubali kuliwa kwanza ili chuma kibaki. Ndiyo maana tundu dogo la msumari linaweza kukaa miaka bila kutu. Lakini zinki ile ikiisha, imeisha. Kutu nyekundu ikianza hushika kasi, na kupaka rangi juu ya kutu bila kuikwangua ni kupoteza fedha. Basi unapolipia bati, tambua kwamba unalipia vitu viwili, unene wa chuma na unene wa zinki iliyo juu yake. Wauzaji wengi watakueleza cha kwanza tu.

Unene wa chuma hutajwa kwa geji. Hapa wengi hukosea, kwa sababu namba kubwa ni bati jembamba. Geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Kwa nyumba ya kuishi, kama mfuko unaruhusu, chukua 28. Geji 30 inavumilika ikiwa kenchi na papi zimepangwa karibu karibu. Geji 32 iachie banda la kuku.

Unene wa zinki huandikwa kwa herufi na namba. Ukiona Z275, maana yake kila mita moja ya mraba ina gramu 275 za zinki, pande zote mbili kwa pamoja. Hiyo ni kama mikroni 20 kila upande, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Shambani, mbali na bahari na viwanda, hewa hula takriban mikroni moja au pungufu kwa mwaka. Hapa nyanda za juu za Newala tuna nafuu kuliko ndugu zetu wa Mtwara mjini na Mikindani, kwa sababu chumvi ya bahari hula zinki upesi. Ukiona AZ, kwa mfano AZ70 au AZ150, hilo si la zinki tupu bali la mchanganyiko: asilimia 55 ni aluminiamu, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni zinki. Wengi huyaita alizinki. Yanadumu vizuri, na mengi ya rangi yanayouzwa sasa yametengenezwa juu ya msingi huo. Namba inayofuata AZ nayo ni gramu kwa mita ya mraba, kwa hiyo 150 ni bora kuliko 70.

Ununue vipi bila kupunjwa? Omba kuliona bati lenyewe, usiridhike na kipande cha mfano kilichowekwa mezani. Tafuta maandishi ya kiwandani: jina la mtengenezaji, geji au milimita, na alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Bati lisilo na jina la aliyelitengeneza liache dukani. Dai risiti ya mashine, maana bila hiyo huna pa kuanzia ukigundua baadaye kwamba umeuziwa geji 32 kwa bei ya 30. Kuhusu gharama, fanya hesabu hii: uliza bei ya urefu mmoja kwa geji 28 na geji 30, chukua tofauti, zidisha kwa idadi ya mabati ya nyumba yako. Kisha linganisha na gharama ya kuezua na kuezeka upya pamoja na ufundi. Mara nyingi utaona lililo nene ndilo nafuu.

Bati likifika nyumbani, usilirundike chini mahali penye unyevu ukisubiri fundi. Maji yakinasa kati ya mabati yaliyolaliana, zinki hutoa unga mweupe na tabaka linaliwa kabla bati halijapanda juu. Yaweke yameinama upande mmoja, juu ya miti, chini ya kivuli. Fundi akikata, atumie makasi ya bati. Grainda huunguza zinki ukingoni, na cheche zake za chuma zikitua juu ya bati hugeuka madoa ya kutu baada ya mvua chache. Misumari iwe ile ya bati yenye kofia, iliyopakwa zinki na kuwekewa mpira. Waya wa shaba usifungwe juu ya bati, kwa kuwa shaba huharakisha kuliwa kwa zinki. Saruji mbichi ikidondokea bati, ifute pale pale.

Maji ya paa yananyweka?

Kwa Newala hili si swali la pembeni. Tunaishi juu ya uwanda wa mchanga, mvua ikinyesha maji yanazama na kwenda zake, chemchemi ziko mabondeni. Maji ya bomba ya mradi wa Makonde husukumwa kupanda mlima kutoka chanzo cha Mitema, na pampu ikisimama, ndoo zinasimama. Kwa hiyo paa la bati ni chanzo cha maji, na nyumba nyingi zina kisima cha kuhifadhia maji ya mvua pembeni.

Hofu ya zinki ndani ya maji hayo isikunyime usingizi. Ni kweli mvua huyeyusha zinki kidogo, hasa bati likiwa jipya. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye zaidi ya miligramu 3 za zinki kwa lita yanaweza yasipendeze: huwa na ladha ya ukakasi, na ukiyachemsha yanaweza kutoa utando juu kama wa mafuta. Shirika hilo halikuweka kikomo cha kiafya, kwa sababu kiasi kinachopatikana majini kwa kawaida hakidhuru. Ladha yenyewe itakuonya mapema.

Cha kuogopa ni kile kilicholala juu ya bati: kinyesi cha ndege na mijusi, majani ya miembe, vumbi. Hapa kwetu ongeza na salfa. Kati ya Mei na Agosti tunapulizia mikorosho salfa ya unga dhidi ya ubwiri unga, upepo unaibeba, na inakaa juu ya paa hadi mvua za kwanza za Novemba au Desemba. Mvua hizo zisiingie kisimani. Ondoa bomba linalopeleka maji kisimani, acha mvua mbili tatu za mwanzo zioshe paa na gata, maji yake mwagia bustani au fanyia usafi. Baada ya hapo, kila mvua inapoanza baada ya siku kadhaa za jua, acha dakika za kwanza zipite. Funga kitambaa safi au wavu mdomoni mwa bomba, funika kisima mwanga na mbu visiingie, na maji ya kunywa yachemshe au yatie dawa ya maji.

Unaweza kuvuna kiasi gani? Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 5 kwa 10, likipata mvua ya milimita 20, linapokea lita 1,000. Toa moja ya tano inayoruka na kupotea, unabaki na lita 800, yaani ndoo 40 za lita 20. Kabla ya kununua simtank kubwa, hakikisha gata zimezunguka paa lote. Nimeona nyumba nyingi zenye tangi zuri na gata upande mmoja tu, na nusu ya maji inachimba shimo chini ya ukuta.

Jambo moja ambalo ningependa lisikike hadi vilabuni: zinki na uchachu havipatani. Kitu kichachu huila zinki na kuiyeyusha kwa wingi ndani ya kinywaji, na hapo ndipo inapokuwa sumu. Watu hutapika, tumbo linasokota, wanaharisha. Basi ndoo ya bati, karai la bati au pipa la bati lisitumike kukamulia mabibo, kuvundikia uraka, kuhifadhia togwa, maji ya ukwaju au ya ndimu. Tumia mtungi, sufuria isiyoshika kutu au ndoo ya plastiki ya chakula. Maji baridi ya kawaida ndani ya ndoo ya bati hayana tatizo.

Na wewe kijana unayechomelea mageti na mabomba pale Masasi mjini, hili ni lako. Bomba lililopakwa zinki likichomwa hutoa moshi mweupe mzito. Ukiuvuta, saa 4 hadi 10 baadaye unaanza kutetemeka, homa inapanda, viungo vinauma, mdomoni kuna ladha ya metali. Wengi hudhani ni malaria wakameza dawa. Kwa kawaida homa hiyo huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili, lakini kifua kikibana nenda hospitali. Pima malaria kila mara, usikisie, na mweleze daktari kwamba ulikuwa unachomelea. Maziwa ambayo mafundi hunywa kabla ya kazi hayazuii moshi usiingie kifuani. Kinachosaidia ni kukwangua zinki sentimita kadhaa kila upande kabla ya kuchomelea, kufanyia kazi nje, na kusimama upande ambao upepo unatokea nyuma au ubavuni mwako, moshi usikupite usoni.

Matumizi mengine ya zinki nitayapita haraka. Ukiichanganya na shaba unapata metali ya njano ya makufuli, koki na funguo. Kopo la betri ya kawaida ya tochi limetengenezwa kwa zinki, na betri ikivuja ni kwa sababu kopo limeliwa, hivyo itoe kwenye tochi mapema na usiitupe chooni wala jikoni. Unga mweupe wa zinki, uitwao oksaidi ya zinki, hutiwa kwenye matairi, kwenye dawa za kupaka ngozi yenye vipele, na kwenye baadhi ya mafuta ya kukinga jua ambayo ndugu zetu wenye ualbino wanayahitaji sana. Mimea nayo inaitaka. Udongo wetu wa kichanga unaweza kupungukiwa zinki, na mkorosho wenye upungufu huo hutoa majani madogo, membamba, yaliyosongamana nchani. Usinunue mbolea kwa kubahatisha. Muulize afisa ugani, au peleka swali kwa watafiti wa korosho wa TARI Naliendele, Mtwara.

Ndani ya mwili inafanya nini?

Mtu mzima ana gramu 2 hadi 3 tu za zinki mwilini, nyingi zikiwa kwenye misuli na mifupa. Lakini zaidi ya vimeng'enya 300, yaani vile vitu vinavyoendesha kazi za mwili kama kusaga chakula, vinaitegemea. Bila zinki chembe hai za mwili hazigawanyiki vizuri. Kwa hiyo upungufu huonekana kwanza pale mwili unapojijenga upesi: kwa mtoto anayekua, mimba, kidonda kinachopona, ngozi ya ndani ya utumbo, na askari wa mwili wanaopigana na magonjwa. Mtoto mwenye upungufu hukua polepole, hana hamu ya kula, huharisha mara kwa mara, na vidonda vyake vinachelewa kukauka. Tatizo ni kwamba kila dalili hapo ina sababu nyingine nyingi, na zahanati haina kipimo rahisi cha zinki.

Upungufu huu kwa binadamu umejulikana juzi tu. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad, aliyekuwa Shiraz nchini Iran, aliandika habari za vijana waliodumaa. Mmoja alikuwa na miaka 21 na umbo la mtoto wa miaka 10. Chakula chao kilikuwa mkate wa ngano isiyokobolewa, karibu bila nyama, na walikuwa na desturi ya kula udongo. Baadaye Prasad alifanya kazi Misri, akapima vijana wa huko waliodumaa vivyo hivyo, akaona zinki yao iko chini, na waliopewa zinki walirefuka na kubalehe.

Ule udongo nauweka mbele yenu kwa makusudi. Sokoni kwetu vipande vya udongo wa kula vinauzwa, na wanunuzi wakubwa ni wajawazito. Mama zangu, dada zangu, udongo huo unaweza kunasa zinki na chuma tumboni visipite kwenda kwenye damu, tena katika miezi ambayo mtoto anavihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Badala ya kununua kipande kingine, mwambie muuguzi kliniki, akupime damu.

Mwili unahitaji kiasi gani kwa siku? Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ni miligramu 3. Wa miaka 4 hadi 8 ni 5. Mwanamke ni 8, akiwa mjamzito 11, akinyonyesha 12. Mwanamume ni 11. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya maziwa ya mama pekee, kama haumwi, haongezewi chochote.

Sasa tuangalie sahani zetu. Ugali wa muhogo una zinki kidogo sana, haifiki miligramu 1 kwa gramu 100 za unga. Nyama, maini na dagaa vinayo nzuri na mwili unaipokea kwa urahisi. Lakini nyama si ya kila siku, najua. Vilivyo mashambani mwetu ni hivi: ufuta na mbegu za maboga, vyenye zaidi ya miligramu 7 kwa gramu 100, korosho, miligramu 5 hadi 6, kisha mbaazi, njugu mawe, karanga na choroko. Gramu 30 za korosho, konzi moja tu, zina zaidi ya miligramu moja na nusu. Hiyo ni nusu ya mahitaji ya mtoto wa miaka miwili kwa siku nzima. Nasema wazi kwamba linaniuma: wilaya zinazojaza maghala kwa korosho, na watoto wa humo wanakula muhogo mtupu kwa mboga ya majani. Korosho imekuwa fedha kiasi cha kusahau kwamba ni chakula.

Jinsi ya kumpa mtoto: usimpe nzima akiwa chini ya miaka mitano, inaweza kumkaba. Korosho iliyokwisha kubanguliwa na kukaangwa, menya ngozi, twanga iwe laini, tia vijiko viwili kwenye uji unapokaribia kuiva. Anza na kidogo sana siku ya kwanza ukimwangalia, kwa sababu kuna wachache ambao korosho huwatoa vipele au kuwavimbisha midomo, na hao wasipewe tena. Ukibangua mwenyewe, kumbuka mafuta ya ganda yanababua ngozi na moshi wake unaumiza macho na kifua, kwa hiyo watoto wakae mbali na moto.

Kuna pingamizi moja. Nafaka na kunde zina kitu kiitwacho faiteti, kinachoshika zinki na kuizuia isifyonzwe. Dawa yake ni mambo waliyoyafanya bibi zetu. Loweka maharage na mbaazi usiku kucha, maji yale yamwage. Chachusha unga wa uji usiku mmoja au mbili kabla ya kupika. Tumia kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Dukani, unga wa ngano na wa mahindi wa viwanda vikubwa huongezewa chuma na zinki. Utauona kwa maandishi ya virutubishi kwenye mfuko. Unga wa mashine ya kijijini hauna nyongeza hiyo.

Mtoto anapoharisha

Hapa ndipo zinki imeokoa wengi, na hapa ndipo inapotumiwa vibaya. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri kila mtoto anayeharisha apewe vitu viwili pamoja, maji ya ORS na zinki, na Tanzania ikaingiza ushauri huo kwenye miongozo yake. ORS hurudisha maji na chumvi zilizopotea, na ndiyo inayozuia kifo cha leo. Zinki hukarabati utumbo, hupunguza siku za kuharisha kwa karibu robo, na humpunguzia mtoto uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili mitatu inayofuata. Faida hiyo ya miezi inayofuata hutegemea kumaliza dozi.

Pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Usikadirie kwa kikombe, tafuta chupa ya lita moja. Maji hayo yatumike ndani ya saa 24, yanayobaki yamwagwe. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kikubwa kila baada ya kuharisha. Wa miaka miwili na zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, endelea polepole. Kunyonya na kula visikatishwe.

Kidonge cha zinki kiweke kwenye kijiko, dondoshea maji safi au maziwa ya mama, kitayeyuka kwa muda mfupi, mnyweshe. Ni mara moja kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 20, na nusu yake, 10, kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na India kwa watoto 4,500 na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba miligramu 5 au 10 zinasaidia sawa na 20, na kutapika kwa watoto kunapungua. Kwa hiyo muuguzi akikuambia utoe nusu kidonge, usidhani anakubania. Fuata maelezo yake. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, mpe tena akitulia. Kuharisha kukikoma siku ya tatu, vidonge visikome.

Gharama? Kwa sera ya nchi, mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure kwenye zahanati, kituo cha afya na hospitali ya serikali, na dawa hizi mbili ni sehemu ya matibabu hayo. Zikiwa zimeisha, omba uandikiwe, nenda duka la dawa muhimu, lile lenye nembo na kibali ukutani. ORS na zinki vinauzwa humo bila shida, na ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa. Angalia tarehe ya mwisho wa kutumika. Usikubali kuuziwa kapsuli za rangi mbili badala yake. Kuharisha kwingi kwa watoto hakuhitaji antibiotiki, isipokuwa kuna damu kwenye choo, na hapo lazima mtoto aonwe na mtaalamu.

Usisubiri asubuhi ukiona hivi: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, ana degedege, au kuna damu. Beba maji ya ORS njiani, endelea kumnywesha kama anaweza kumeza, na mpeleke hospitali ya Newala, Mkomaindo au Ndanda, iliyo karibu zaidi nawe.

Je, nimpe zinki kila siku hata kama haumwi? Hapana, usijiamulie. Utafiti mkubwa wa Pemba, uliochapishwa 2007 na kuhusisha watoto zaidi ya 40,000, uliwapa baadhi yao zinki kila siku, na haukuthibitisha kwamba vifo vilipungua kwa watoto wote kwa jumla. Kwa mtu mzima, kikomo cha kila siku ni miligramu 40. Anayepita hapo kwa miezi huharibu uwiano wa shaba mwilini na anaweza kuishiwa damu. Vidonge vya zinki vinavyouzwa kwa ahadi ya kuongeza nguvu za kiume haviongezi kitu kwa mwanamume ambaye hana upungufu wa zinki.

La mwisho ni onyo. Kuna sumu ya panya ya unga mweusi au kijivu iitwayo zinki fosfidi. Jina lake lina zinki, lakini ni sumu kali: ikifika tumboni hutoa gesi inayoua, na haina dawa ya kuivunja nguvu. Isikae jikoni, isihamishiwe kwenye chupa ya soda wala mfuko wa unga. Mtu akiimeza, usimtapishe na usimpe maziwa. Mkimbize hospitali saa ile ile, na pakiti ya sumu uende nayo ili daktari aisome.